Greda Likiondoka, Maji Hubaki

Malalamiko mengi kuhusu barabara za kaunti za Kericho na Bomet, nchini Kenya, hufika ofisini yakiwa yamechelewa, na aghalabu mlalamikaji hana kosa. Siku greda linapopita kijijini, watu hushangilia. Lori la majani chai lililokuwa likikwama kila msimu wa mvua sasa litafika kwenye kituo cha kununulia majani, na hata aliyevunjiwa uzio hufumba jicho, maana ni nani atakayetaka kuitwa adui wa maendeleo mbele ya mwakilishi wadi? Hasara yenyewe huja baadaye. Mvua ya Aprili hukusanya maji ya nusu kilomita ya barabara na kuyamwaga katika shamba la mtu mmoja. Kufikia hapo greda liko wadi nyingine, mkandarasi ameshapata cheti chake, na mhandisi anayekuja kutazama hukuta korongo la kimo cha mtu. Atauliza swali moja ambalo mwenye shamba hana namna ya kulijibu kwa ushahidi: hili lilikuwepo kabla yetu au la?

Katika nchi ya chai, hasara kubwa za barabara huletwa na maji. Utaratibu wetu wa kulalamika, kuanzia fomu ya msimamizi wa wadi hadi bima ya mkandarasi, umeundwa kwa hasara zinazoletwa na mashine: ukuta uliogongwa, bomba lililokatwa, mti ulioangushwa. Pengo hilo ndilo linalomeza malalamiko.

Tuanze na hesabu. Barabara ya mashambani yenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 500 ina eneo la mita za mraba 3,000. Mvua ya alasiri ya milimita 30, ambayo Kericho haimshangazi mtu, huangusha juu yake lita 90,000. Udongo ulioshindiliwa haunywi maji mengi. Kushindiliwa ndiko kunakoufanya uwe barabara. Kwa hiyo sehemu kubwa ya lita hizo, yaani mzigo wa malori kadhaa ya kubebea maji, hutiririka mtaroni kwa muda mfupi, na pale mtaro unapoishia pana mtu na shamba lake. Ukanda huu hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, mara nyingine ikichanganyika na mawe, na mwezi mkavu kabisa ni nadra.

Sura ya nchi inazidisha mambo. Barabara nyingi za maeneo ya Konoin, Bureti na Belgut hufuata migongo ya vilima, chai ikishuka pande zote mbili hadi kwenye vijito vinavyolisha mito kama Itare, Chemosit na Kipsonoi. Mgongoni maji hayana pa kwenda ila kwa mtu, na hilo haliepukiki. Kinachoweza kuamuliwa ni kiasi gani kiende kwa nani. Mhandisi mwangalifu huchimba mitaro ya kutolea maji kila baada ya umbali mfupi penye mteremko mkali, ili kila shamba lipokee kidogo ambacho nyasi na michai vitakihimili. Mwenye haraka huchimba mmoja, chini kabisa. Kwenye karatasi barabara ni ileile, gharama imepungua kidogo, na shamba la bondeni limebebeshwa maji ya kijiji kizima.

Kalvati nazo zina kisa chao. Bomba la zege likiachwa bila sakafu ya mawe mdomoni, maji yatokayo kwa kasi huchimba mbele yake, na korongo hurudi nyuma kuelekea barabarani msimu baada ya msimu hadi kalvati yenyewe inaning'inia. Hapo ndipo ofisi hushtuka, kwa sababu sasa barabara yao ndiyo iliyo hatarini. Mwenye shamba alikuwa amepiga kelele tangu mwaka wa kwanza.

Halafu kuna barabara inayozama. Kukwangua kila mwaka bila kurudisha murram huondoa sentimita chache kila mara. Baada ya miaka kumi na mitano barabara iko chini ya mashamba kama mfereji, na malango ya watu yamebaki juu. Familia hujenga ngazi za udongo. Mgonjwa hubebwa hadi barabarani kwa sababu gari haliwezi kupanda uani. Sijawahi kuona hasara hii ikiandikwa kwenye fomu yoyote, pengine kwa kuwa hakuna siku moja ambayo mtu anaweza kusema ndipo ilipotokea.

Kwa mkulima mdogo, hasara ya michai hupimika kwa futi. Kwa nafasi ya kawaida ya futi 4 kwa futi 2.5, ekari iliyojaa hubeba michai 4,356. Ukanda wa mita 3 kwa mita 100 uliosombwa na maji umeondoka na zaidi ya 320. Kwa mwenye nusu ekari anayepeleka majani Mogogosiek, Kapset, Litein au kiwanda kingine cha shirika la chai la KTDA, hiyo ni takriban sehemu moja kati ya saba ya shamba lake lote. Mche mpya utamchukua miaka kama mitatu kabla ya kuchumwa kwa maana, ikiwa udongo wa kuupandia umebaki. Afisa wa kilimo akija kukadiria atahesabu michai. Udongo wa juu ulioteremka na maji kwa kawaida hauna safu katika jedwali lake, ingawa mkulima atakuambia kuwa mche hununuliwa, udongo je?

Hasara nyingine haiwezi hata kuingia mlangoni. Barabara ikifungwa wiki mbili, lori halifiki kituoni, majani yanapita umri wa kuchumwa na bonasi ya Oktoba inapungua. Vumbi la msimu wa kiangazi hutanda juu ya safu za kwanza kando ya njia, na karani wa kituo huyakataa majani hayo. Sheria ya madhara tuliyoirithi kutoka Uingereza ni ngumu kwa mtu aliyepoteza kipato bila mali yake kuguswa. Nataja hili ili mtu asipoteze nauli kwenda kwa wakili kwa ajili ya vumbi pekee. Vibarua na wachumaji wa mashamba makubwa, ambao barabara ya kampuni hupita mbele ya nyumba wasizozimiliki, wako mbali zaidi na fidia kuliko mkulima yeyote.

Sasa tuseme mtu ana hasara inayogusika. Amlalamikie nani? Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda mamlaka tatu: KeNHA kwa barabara kuu za kitaifa, KURA kwa za mijini na KeRRA kwa za vijijini. Katiba ya 2010 ikaja na Jedwali la Nne, ikazipa kaunti barabara za kaunti. Mwaka 2016 barabara za nchi zilipangwa upya katika gazeti rasmi, na kati ya kilomita 161,000 hivi, zaidi ya 121,000 zilihesabiwa kuwa za kaunti. Hata hivyo KeRRA haikufunga virago. Serikali ya kitaifa na magavana wameendelea kugombania fedha za ushuru wa mafuta, ukiwemo mvutano wa shilingi bilioni 10.5 uliofika mahakamani. Matokeo yake kijijini ni kwamba kipande kimoja cha barabara kinaweza kukwanguliwa na KeRRA mwaka huu na kaunti mwaka ujao. Korongo likitokea, kila upande una sababu ya kumtazama mwenzake.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ya mlalamikaji ni barua ya kuuliza, kabla ya barua ya kudai. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Uliza: barabara hii ni ya nani, kazi ya tarehe fulani ilifanywa kwa mkataba au kwa mashine za kaunti yenyewe, mkandarasi ni nani, na kipindi chake cha kurekebisha kasoro kinaisha lini. Majibu ya maswali hayo manne ndiyo yanayoamua kesi nzima, na karibu watu wote huyapata wakiwa wameshachelewa.

Kuchelewa kuna bei. Kwa kampuni binafsi, dai la madhara lina miaka mitatu. Kwa serikali, Sheria ya Ukomo wa Madai dhidi ya Mamlaka za Umma inatoa miezi 12 tu. Kifungu cha 67 cha Sheria ya Barabara nacho kinataka mamlaka ipewe notisi ya maandishi mwezi mmoja kabla ya kushtakiwa, na kesi ifunguliwe ndani ya miezi 12 tangu tendo, au ndani ya miezi sita tangu madhara yanayoendelea kukoma. Maneno hayo ya mwisho ni dhahabu kwa mtu wa maji. Korongo linalokua kila mvua ni madhara yanayoendelea, na wakili anayejua kazi yake atang'ang'ania hapo. Kuhusu notisi, Mahakama Kuu katika kesi ya Kenya Bus Service ya mwaka 2012 ilisema sharti kama hilo katika Sheria ya Mashauri ya Serikali linaziba njia ya kufikia haki. Bado namshauri kila mtu apeleke notisi. Karatasi yenye mhuri wa kupokelewa haijawahi kumdhuru mlalamikaji.

Mkandarasi akiwepo, mambo ni mepesi kuliko watu wanavyofikiri. Mikataba ya kawaida ya ujenzi humbebesha jukumu la hasara kwa mali za majirani na humtaka awe na bima kwa watu wa nje. Sehemu ya malipo yake, mara nyingi asilimia 10, huzuiwa, na nusu yake hushikiliwa hadi kipindi cha kasoro kiishe. Malalamiko yakimfikia mhandisi msimamizi kabla ya fedha hizo kuachiliwa, yana uzito. Yakifika siku moja baadaye ni hadithi. Kwa dai lisilozidi shilingi milioni moja kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayopokea madai ya uharibifu wa mali na kutakiwa na sheria kumaliza kesi ndani ya siku 60. Kampuni haina kinga ya serikali: ikishindwa, mali yake inaweza kukamatwa.

Lakini barabara nyingi ndogo hazina mkandarasi. Greda ni la kaunti, dereva ni mwajiriwa wa kaunti, na maagizo ya mahali pa kumwaga maji hutolewa papo hapo, pengine na mzee wa kijiji anayeelekeza kwa fimbo. Hapo hakuna bima, hakuna fedha zilizozuiwa wala kipindi cha kasoro. Anayeshtakiwa ni kaunti, na hata ukishinda, kifungu cha 21 cha Sheria ya Mashauri ya Serikali kinakataza kukamata mali ya serikali, kinga inayofika hadi kaunti. Utachukua cheti cha hukumu, utasubiri bajeti, na bajeti isipokukumbuka utarudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha afisa wa fedha alipe. Kwa michai 320, ni wangapi watakaofika huko?

Mwenendo mwingine unanisumbua zaidi ya wote. Barabara mpya zinapofunguliwa vijijini, wenye mashamba huombwa watoe ardhi kwa hiari ili njia ipanuliwe. Mkutano hufanyika chini ya mti, chifu akiwepo, watu wanapiga makofi, tingatinga linaingia. Hakuna kilichoandikwa. Aliyekubali ni kaka mkubwa aliyekuwa nyumbani siku hiyo. Mjane wa ndugu yake, ambaye michai iliyong'olewa ilikuwa yake, alikuwa kituoni akipima majani. Na hata kama kila mtu alikubali, walikubali upana wa barabara. Mtaro wa kutolea maji utakaokata shamba hadi mtoni haukutajwa.

Mtaro huo una nafasi yake katika sheria, na ni ajabu jinsi inavyotumika kidogo. Sheria ya Ardhi ya 2012, vifungu vya 143 hadi 149, inahusu haki za njia za umma, na kaunti ni miongoni mwa wanaoruhusiwa kuziomba kupitia Tume ya Taifa ya Ardhi. Kampuni za umeme hufuata njia hiyo zinapopitisha nyaya. Kupitisha maji ya barabara katika shamba la mtu, mwaka baada ya mwaka, ni mzigo wa aina ileile juu ya ardhi, tena mzito kuliko waya. Kifungu cha 148 kinaelekeza fidia kwa matumizi ya ardhi na kwa hasara ya miti, mazao na majengo. Tena kinamtaja mtu anayeikalia ardhi kihalali au kwa hakika.

Hilo la mwisho lina maana kubwa katika nchi ya Wakipsigis. Mashamba mengi yangali katika jina la babu aliyefariki zamani. Wana wamegawana kwa mipaka ya miti, kesi ya urithi haijafunguliwa, na mke anayelima kipande chake hayumo kwenye karatasi yoyote. Katika fidia ya kutwaa ardhi, ukosefu wa hati kwa jina lako huweza kuzuia malipo kwa miaka. Fidia ya njia ya maji, kwa maneno ya sheria yenyewe, inaweza kumfikia anayeikalia na kuilima. Mawakili wa msaada wa kisheria wanaofanya kazi Kericho na Bomet wangeanzia hapa.

Tofauti inayoletwa na mlango mzuri wa malalamiko inaonekana ng'ambo ya mpaka. Barabara ya Fort Portal hadi Kamwenge, magharibi mwa Uganda, ilikuwa ikijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Wakazi wa Bigodi na vijiji jirani walilalamika kuhusu mali, fidia na, jambo zito kuliko yote, wasichana kudhulumiwa na wafanyakazi wa mradi. Malalamiko yao yalifika Jopo la Ukaguzi la Benki hiyo, na Desemba 2015 mradi mzima wa dola milioni 265 ukafutwa. Sitaki mtu aombee barabara yake ifutwe. Nataja kisa hicho kwa sababu ya kilichowezesha: mfadhili alikuwa na ofisi inayojitegemea, yenye mamlaka ya kumchunguza hata mfadhili mwenyewe. Barabara kuu ya Mau Summit, Kericho hadi Kisumu, iliyokarabatiwa chini ya mradi wa Benki ya Dunia, ilikuwa ndani ya kivuli cha utaratibu huo. Njia ya kwenda kituo cha majani huko Konoin haina hata sanduku la maoni.

Ilicho nacho ni bunge la kaunti. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mkazi yeyote haki ya kupeleka ombi rasmi bungeni, na ombi la kijiji kizima lenye picha, tarehe na majina ya waathiriwa ni gumu kulipuuza kuliko simu kwa mwakilishi wadi. Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman, nayo hupokea malalamiko dhidi ya kaunti bila malipo. Picha hizo zipigwe siku mawe ya kupimia yanapowekwa, kabla ya mashine: mtaro, lango, ukuta, safu za chai. Nyumba iliyo karibu na barabara inayoshindiliwa kwa roli la kutetemesha ipigwe picha kila pembe, nyufa za zamani zikiwemo. Kanuni za kelele na mitetemo za 2009 zinaweka kikomo cha sentimita 0.5 kwa sekunde, lakini bila picha ya kabla, ufa ni neno lako dhidi ya lao.

Wahandisi wa kaunti huniambia kwamba fidia za namna hii zikilipwa, hakutabaki fedha za barabara. Nawaelewa. Mgao kutoka Nairobi huchelewa, kazi hurundikana Mei na Juni ili fedha zitumike kabla ya mwaka wa bajeti kwisha tarehe 30 Juni, na hiyo ni kuchimba udongo wakati mvua ingali inanyesha. Kwenye barabara za kitaifa hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba serikali ililazimika mwaka 2025 kuuza haki ya shilingi 7 za kila lita ya mafuta ili ipate bilioni 175 za kuwalipa wakandarasi, ambao baadhi yao walikuwa wameacha mitaro wazi. Lakini hoja ya wahandisi inachanganya vitu viwili. Mitaro mitano midogo badala ya mmoja mkubwa haihitaji fidia yoyote, inahitaji saa chache zaidi za greda. Mawe ya kutandika mdomoni mwa kalvati yapo Kericho. Kinachokosekana ni mtu anayezuiliwa malipo yasipotandikwa.

Mabunge ya Kericho na Bomet yanaweza kuanza na sharti moja katika kila kazi ya barabara ya wadi: malipo ya mwisho yasitolewe kabla barabara haijapitia mvua za masika, Machi hadi Mei, na kabla wenye mashamba yaliyo chini ya kila mtaro wa kutolea maji hawajatia sahihi au kueleza kwa maandishi wanachokataa. Wakandarasi watasema mkulima mmoja mkorofi atawateka. Basi mhandisi wa kaunti apewe siku 14 kuamua pingamizi, uamuzi uandikwe, na nakala ibandikwe kwenye kituo cha kununulia majani, mahali ambapo kila mtu wa barabara hiyo hupita akiwa na kikapu chake.